Namba Kumi na Tisa za Mwajabu

Jumapili, saa saba mchana. Mvua ya asubuhi imekatika, stendi ya Korogwe imebaki madimbwi matupu, na bati la kibanda changu linadondosha matone kwenye ndoo niliyoitega mlangoni. Jumapili huwa sifungui. Leo nimekuja kwa sababu nyumbani baba angeuona uso wangu akaniuliza nina nini.

Nina wivu. Naliandika neno hili mapema ili nisije nikajaza ukurasa mzima nikisema nimechoka au kichwa kinaniuma, kama nilivyofanya siku zote hizi. Ninyi wachache mnaopita hapa mtakumbuka nilivyolalamika mwezi mzima kwamba sipati usingizi, nikasingizia mbu. Mtakumbuka pia "jirani mmoja" niliyekuwa nikimsema. Hakuna jirani. Ni binamu yangu, anaitwa Mwajabu, anakaa Chanika, Handeni mjini. Na mimi ninayeandika naitwa Zaina. Leo nataka majina yawe ya kweli, na sababu yake mtaiona mbele.

Mwajabu ni mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Tulizaliwa mwaka mmoja, tulifundwa pamoja, tulivaa sare za shule zilizokatwa kitambaa kimoja. Na kwa kuwa mimi ni wa kwa mjomba na yeye ni wa kwa shangazi, sisi ni watani. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, mtani anaruhusiwa kukuita majina, kama Mwajabu anavyoniita mke mwenzangu ingawa hatujawahi kuwa na mume mmoja, kukuchekesha hata msibani, na kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe. Akikichukua anakaa nacho mpaka ukikomboe, kwa kuku, kwa kanga, kwa chochote mtakachopatana. Kukasirika huruhusiwi. Ukinuna, aibu ni yako na watu watakucheka wewe.

Sasa nieleze habari ya duka.

Wazo lilikuwa langu. Mimi kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Nina kompyuta, nina printa, na makonda wote wa hapa stendi wananijua kwa jina. Kila wiki nilikuwa nasikia abiria wakiulizana asali nzuri ya Handeni inapatikana wapi, samli ya Wamasai inapatikana wapi, iliki ya Bungu nani anayo. Watu wetu walioko Tanga, Moshi na Arusha wanavililia vitu hivi. Nikajiambia nitafungua duka la mtandaoni. Wao watatazama picha kwenye simu, watalipa kwa simu, mimi nitawapakilia mzigo kwenye basi.

Nikanunua daftari gumu. Nikaandika jina la duka, nikalifuta, nikaandika jingine. Nikachora nembo ya nyuki juu ya mlima. Nyuki akatoka kama nzi, nikamchora upya, akatoka kama nzi mnene. Nikaagiza chupa za kioo zenye vifuniko vya dhahabu. Nikaanza kutengeneza lebo, na kwenye lebo ndipo nilipokwama, maana kila nikichapa moja naona herufi zimebanana, au rangi imepauka, au neno "halisi" limekaa vibaya. Mwaka ukaisha lebo haijaisha.

Nadhani hili nimelirithi. Baba alikuwa muuzaji wa duka la ushirika, enzi zile za foleni ya sukari. Kilo haitoki bila karatasi, karatasi haifai bila muhuri, na mzigo wenyewe unaingia siku ukiamua kuingia. Baba alikuwa mwaminifu mpaka watu wakamwogopa. Jengo lile bado lipo, limepakwa rangi za kampuni za simu, ndani wanauza vocha na betri. Tukipita hapo huwa anasema, "Siku hizi mtu anaamka tu, anauza," na hata leo sijajua kama anasifu au anasikitika. Mimi nilikuwa bado nangoja mtu aje aniletee muhuri. Soko limeshakuwa huria tangu niko shule ya msingi, lakini mimi nikajiwekea foleni yangu mwenyewe nikasimama peke yangu.

Basi ikawa harusi ya mdogo wetu, kule Chanika. Tulikuwa uani na mashangazi tunamenya vitunguu vya pilau, macho yanachuruzika, na Mwajabu akaniuliza duka limefikia wapi. Nikamweleza yote. Nilimweleza asali, mabasi, picha, malipo ya simu, mpaka vile vifuniko vya dhahabu. Alinisikiliza kisu kimesimama mkononi. Kisha akainuka, akagonga sinia kwa mwiko.

"Jamani mashangazi, ninyi ndio mashahidi! Huyu mke mwenzangu ana mimba ya duka mwaka wa pili huu, hata tembo ana nafuu. Mimi nimelichukua! Akilitaka aje alikomboe, aje na jogoo!"

Vigelegele vikapigwa. Shangazi, mama yake, akacheka mpaka akashikilia mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Hapo ndipo nilipokosea, na nimelifikiria sana tangu jana. Mtani akishasema hivyo, nawe unatakiwa umjibu. Unamwambia jogoo huyo ni mkubwa mno, nitakupa kifaranga, naye anasema kifaranga ampe paka, mnavutana pale watu wakicheka, mwisho mnapatana siku. Mimi nilicheka tu, nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Sikutaja jogoo wala kifaranga. Moyoni nilikuwa nimenuna, na kwa sababu nilikuwa nimenuna sikuweza kucheza.

Wiki mbili baadaye ukurasa wake ukatokea mtandaoni. "Asali kwa Mwajabu." Basi, jina ndilo hilo. Hakuna nembo wala nyuki. Picha ya kwanza ilikuwa chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa asali, bado ina mabaki ya karatasi yake ya zamani, kidole gumba chake kimeziba robo ya picha, na nyuma anapita kuku. Niliitazama nikafurahi. Nikasema huyu atakuja mwenyewe kuniomba nimsaidie.

Watu wakaipenda ile picha jinsi ilivyo. Mmoja akaandika kwamba asali ya kweli haijui kupigwa picha. Mwingine akauliza kama na kuku anauzwa. Mwajabu akamjibu kuku ni shahidi tu. Chupa zote zikaisha kabla ya Ijumaa.

Sikujua kwamba wivu unakaa mikononi. Mimi nilidhani ni mambo ya moyo. Kumbe kila jina lake likitokea kwenye simu yangu naigeuza kifudifudi mezani.

Halafu akanipigia. "Mke mwenzangu, mizigo ya Dar naipakia huku huku. Ya Tanga, Moshi na Arusha lazima ipite kwako hapo stendi. Nisaidie kuipokea na kuivusha, wewe makonda unawajua." Nikasema ilete.

Kwa hiyo kwa miezi mitano mizigo ya Mwajabu imepita mikononi mwangu. Basi la Handeni linaingia, konda ananikabidhi viroba, mimi navipanga kwa miji vinakoelekea, kisha namkabidhi konda wa Tanga au wa Arusha. Juu ya kila mzigo Mwajabu anaandika kwa makapeni, ile kalamu ya wino mzito, jina la mpokeaji, mji anaoshukia, na namba yake ya simu. Anwani yote ndiyo hiyo. Konda akifika anaipiga ile namba, mwenye mzigo anakuja kuuchukua mlangoni pa basi. Nina kalamu nzuri kuliko yake na mwandiko mzuri kuliko wake, na kazi yangu ikawa kuusoma mwandiko wake mbaya na kuupitisha.

Wateja wa fotokopi wakaanza kuniuliza, "Wewe si ndugu yake yule dada wa asali?" Nikawa ndugu yake yule dada wa asali, mimi niliyeko hapa stendi miaka tisa. Nyumbani baba akawa hanywi uji bila asali ya Mwajabu. Kila asubuhi analamba kijiko, anafumba macho, anasema, "Yule mtoto wa dada yangu ni hodari." Mimi nimekaa mbele yake na mwiko. Sijawahi kumchukia baba, lakini kile kijiko nilikichukia.

Niseme sasa jambo lililonileta hapa.

Ilikuwa siku ya mvua kama ya leo. Kulikuwa na mzigo mmoja tu, wa mama mmoja wa Hale, anakaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme. Wino wa makapeni ulikuwa unaanza kulowa. Nikachukua daftari langu la duka nikainakili ile namba, nikajiambia ni kwa usalama, wino ukifutika mzigo usipotee. Siku hiyo huenda ilikuwa kweli. Siku iliyofuata hakukuwa na mvua, na nikanakili tena mbili.

Nilikuwa napanga maboksi ya karatasi pembeni, nageuzia mlango mgongo, naandika haraka. Mtu akiingia nafunika daftari kwa mkono nauliza, "Nikusaidie nini?" Namba zimefika kumi na tisa. Zimo kwenye kurasa za mwisho, zile nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya lebo.

Zile namba ndizo zilizonipa nguvu ya kufungua. Mwaka na nusu sikuweza, lakini nilipokuwa na wateja wa Mwajabu kwenye daftari, lebo ikaisha kwa siku tatu. Hata sikujali "halisi" limekaaje.

Nikamtangazia kila mtu, na Mwajabu mwenyewe, kwamba nafungua Jumamosi. Akapiga kelele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio.

Jana nikafungua. Niliamka mapema, nikatandika shuka jeupe la baba, nikapanga chupa tatu za kioo kwenye mwanga wa dirisha. Asali nilikuwa nimeinunua kwa mzee mmoja wa Handeni mwenye mizinga, tena nzuri, nimeichuja mara mbili. Picha ilikuwa safi kama ya hospitali. Nikaiweka mtandaoni, nikaketi, nikangoja.

Ilipofika saa nne walikuwa wameipenda watu watatu, na mmoja wao alikuwa mimi. Komenti ilikuwa moja, ya Mwajabu. "TEMBO KAZAA! Hongera mke mwenzangu, na mtoto kafanana na babu yake!" Babu ndiye baba yangu, na unadhifu wake na mihuri yake. Leo naona ilikuwa komenti nzuri. Jana niliiona kama mchanga anaonitupia usoni mbele za watu. Nikazima kompyuta nikafungua kurasa za mwisho za daftari.

Niliandika ujumbe mmoja, nikautuma mara kumi na tisa. "Habari yako. Duka jipya la asali safi ya Handeni, samli na iliki, limefunguliwa Korogwe. Asali yetu imechujwa mara mbili na ipo kwenye chupa mpya za kioo, siyo chupa zilizokwisha kutumika. Karibu sana. Zaina." Someni tena hapo kwenye chupa zilizokwisha kutumika. Sikuishia kwenye kuiba. Niliiba na kusengenya katika ujumbe mmoja, na nikahesabu herufi ili uingie kwenye meseji moja.

Wengi hawakujibu. Mmoja wa Moshi aliandika, "Namba yangu umeitoa wapi?" Nikamjibu, "Kwa rafiki." Hakuandika tena.

Leo asubuhi, nikiwa bado nyumbani jikoni, mvua inanyesha, simu ikaita. Ni yule mama wa Hale, wa mzigo wa kwanza. Nikamwamkia, akaitikia vizuri.

"Wewe ndiye Zaina? Zaina binamu yake Mwajabu?"

Nikasema ndiyo.

"Afadhali, mwanangu! Maana tulikuwa tunakungoja. Mwajabu alituandikia wiki iliyopita, sisi wateja wake wote. Anasema yeye ataendelea na asali yake ya kwenye chupa za maji, ila samli na iliki, na asali ya kumpelekea mgeni au mkwe, tukuulize wewe. Anasema wazo lote la duka lilikuwa lako, yeye alikupora kwenye harusi kwa utani, na wewe ukamwachia. Akasema tusikwambie mpaka ufungue, na leo jioni atatupa namba yako. Sasa naona umetangulia mwenyewe. Namba zetu si amekupa yeye?"

"Ndiyo mama," nikasema. "Amenipa yeye."

Akaagiza samli, na chupa mbili za kioo za kumpelekea mkwewe. Mteja wangu wa kwanza. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaketi kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, nikalia kwa hasira.

Ndiyo, hasira. Ningependa kuandika kwamba nililia kwa kujuta. Majuto yamekuja baadaye kidogo, yamo humu humu, lakini kilichotangulia ni hasira. Kwamba hata katika hili kaniwahi. Nimekaa miezi mitano najikunja kwa wivu wa asali yake, wa komenti zake, wa kijiko cha baba, na yeye huko Chanika anapanga kunigawia wateja. Sasa ninamwonea wivu kwa moyo wake pia. Chupa naweza kununua. Moyo wa namna ile sijui unaagizwa wapi.

Nikampigia. Simu yake haipatikani. Nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hongera na duka. Mwenzio simu haishiki, kaenda tangu alfajiri huko mbugani kwa Wamasai, mtandao hakuna. Mpaka jioni. Kafuata samli."

"Samli? Yeye anauza samli?"

"Si ya duka lako hiyo? Kasema wale kina mama wa Kimasai hawamuuzii mtu wasiyemjua, kwa hiyo anakwenda kukuwekea ahadi na kukuletea debe la kuanzia. Ala! Hili nalo sikutakiwa kusema. Zaina, mwanangu, hujanisikia, eh?"

Nikamwambia sijasikia kitu. Ni uongo wangu wa tatu ndani ya siku mbili.

Kwa hiyo hali yangu ndiyo hii. Binamu yangu yuko mbugani, kwenye tope, anapanga foleni kwa ajili ya samli yangu. Jioni atarudi Chanika, simu itashika, ataketi awaandikie wateja wake namba yangu kama alivyoahidi. Nao watamjibu kwamba huyo ameshatuandikia tangu jana. Yule wa Moshi atamuuliza kwa nini anagawa namba za watu. Mama wa Hale atamshukuru kwa kunipa namba, ambazo hakunipa. Mwajabu si mjinga. Anajua namba zake zinaandikwa mahali pamoja tu, juu ya mizigo, na anajua mizigo inapita kwa nani. Atausoma na ule ujumbe wenyewe, mpaka pale kwenye chupa zilizokwisha kutumika.

Nimewaza nimwambie kwa mdomo. Ningempigia akishapata mtandao, niseme, Mwajabu, nimekuibia wateja. Najua kitakachotokea. Atacheka. Atapiga kelele, "Mashahidi, mke mwenzangu kaniibia! Aje akomboe!" Nami nitacheka kuliko wote, kama pale kwenye vitunguu, na jambo litapita, nitakuwa nimejificha ndani ya utani. Yeye atabaki peke yake jioni anajiuliza kwa nini kucheka kwake kumemchoma.

Maana haukuwa utani. Nimekaa hapa tangu asubuhi nalitafuta lile neno la kunitetea, nikasema mbona na yeye alichukua changu. Ni kweli alichukua. Lakini alichukua amesimama, amegonga sinia, mbele ya mashangazi wote, na akataja na jogoo wa kukombolea. Mtani anachukua kwa sauti. Mimi nilichukua kimya, nimegeuzia mlango mgongo, nimefunika daftari kwa mkono. Kwa kwetu hilo lina jina jingine, na mtoto mdogo analijua.

Na duka langu lile, kumbe lilikuwa bado langu. Lilikaa kwake likingoja jogoo. Baba ana majogoo watatu uani.

Ndiyo sababu leo nimeandika majina. Ninyi mnaosoma hapa, hata kama ni wanne, mmekuwa mashahidi. Mimi Zaina wa Korogwe nimezichukua namba kumi na tisa za wateja wa binamu yangu Mwajabu, nikazitumia kumsema vibaya, na hakuna mtu aliyenituma. Nimezichana zile kurasa. Nimewaandikia wote kumi na tisa, kabla ya kuanza kuandika hapa, kwamba Mwajabu hakunipa namba zao, kwamba nilizitoa kwenye mizigo bila ruhusa yake wala yao, na kwamba asali ya kwenye chupa za maji ndiyo anayokula baba yangu. Mama wa Hale nimempigia kabisa, kwa sababu yeye nilimdanganya kwa mdomo. Akasema, "Samli bado naitaka, lakini nitangoja Mwajabu aniambie." Nimemwambia ni haki yake.

Wote wakimfuata Mwajabu wakaniacha, duka langu litafungwa likiwa na umri wa siku mbili. Naogopa hilo. Naogopa zaidi kwamba atasoma na hatacheka. Miaka yote hii nimekuwa nikichoshwa na kicheko chake, na sasa ndicho ninachokitegemea.

Saa tisa na nusu. Basi la kwenda Handeni linajaza abiria hapo nje, konda anapiga bodi, anaita Chanika, Chanika. Jogoo sitamtuma kwa basi, nitampeleka mwenyewe kesho, kama atakubali nifike. Wivu bado upo, ningesema umekwisha ningekuwa naongeza uongo wa nne. Nikiwaza lile debe la samli kichwani mwake bado mkono wangu unaigeuza simu kifudifudi.

Anwani ya ukurasa huu nimeshainakili kwenye ujumbe wa simu, chini ya jina lake. Hajui kama huwa naandika. Akipanda juu ya kile kilima cha kuingilia Chanika mtandao utashika, na ujumbe wa kwanza utakaoingia unatakiwa uwe wangu, kabla ya ule wa Moshi, kabla ya wote.

Asali kaniwahi, wateja kaniwahi, hata wema kaniwahi. Hili la kusema ukweli, Mwajabu, niache niwahi mimi.